Jioni Baba Aliposikia Yowe

Baba alikuwaga na mkono mwepesi, na mimi nimeurithi. Tarumbeta langu la kwanza alilibonda kwa mpini wa jembe, akanichapa na mimi kwa mpini huohuo, kisa mtoto wa kike hapulizi vyuma. Kanisa likanipa jingine. Okestra ya wageni ilipokuja Musoma, mpulizaji wao akaugua, wakanichukua mimi, wakasema nikipuliza vizuri nitaondoka nao. Nikamfuata baba Butiama. "Njoo unisikie," nikamwambia. "Ukikataa baada ya hapo, nalirudisha kanisani, naacha kabisa." Akasema atakuja, ila nianze kuliaga.

Ukumbi wa kanisa pale Kitaji, Musoma mjini, ulijaa. Baba alikaa mbele na fimbo yake, pembeni yake mwalimu mmoja aliyevaa tai. Muziki ulikuwa wa Ulaya ya karne ya kumi na tisa, wa kupenda na kufa. Fidla zilianza taratibu, nikamwona baba anasinzia, hasira zikanipanda. Kisha ngoma kubwa zikanguruma, zamu yangu ikafika. Nilipuliza kwa ubaya, nikimlenga yeye.

Akaruka kutoka kwenye kiti. Kwetu pembe ikilia na ngoma ikaitikia, ni yowe: wezi wa ng'ombe wameingia, na mwanamume anayebaki amekaa anahesabiwa ni mwenzao. Kaka yangu walimkatakata kwa mapanga zizini, baba akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Pembe hatukuwa nayo, na hakuna jirani aliyesikia.

Mwalimu alikuwa amekaa, tena amefumba macho. Fimbo ilimshukia usoni, miwani ikaruka, damu ikachuruzika kwenye tai. "Inuka, mwizi wewe," baba akasema, akampiga tena. Vijana wa kanisa wakamvamia, wakamburuta nje kwa ngumi. Niliacha kupuliza, nikawaparamia. Mmoja nilimng'ata mkono.

Waliporudi ndani, baba alibaki kwenye ngazi, mdomo umepasuka. Nilijua tarumbeta ndiyo basi tena. "Umeniaibisha, baba," nikamwambia. Nilitamani kumpiga.

Alijifuta damu kwa kiganja. Alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa kaka.

"Hiyo wangeisikia mpaka Buhemba," akasema. "Wangekuja, mama. Hicho chuma chako usikirudishe."