Heshima Iliyotaka Kumfukuza Mzee Diegane

Swali la kwanza aliloniuliza Mzee Diegane Faye, baada ya kuonja kahawa yangu na kusema ina viungo vingi kuliko kahawa, lilikuwa hili: wale vijana wanamkimbia nani? Nikamwambia hawamkimbii mtu, wanafanya mazoezi. Akawafuata kwa macho mpaka mwisho wa ufuko wa Yoff, akawaona wakigeuka na kurudi walikotoka. Akatikisa kichwa. Kwao Sine, kijijini huko bara, alisema, mtu akikimbia hivyo majirani hutoka na ndoo wakidhani nyumba inaungua.

Akawa mteja wangu wa kila asubuhi. Alishangaa kwamba sisi watu wa pwani hukaa tumeipa bahari mgongo, kana kwamba tumegombana nayo. Alishangaa kondoo wanaoishi juu ya mapaa ya nyumba, wakiwachungulia wapita njia. Yaani kondoo kapewa ghorofa na mwenye nyumba kalala chini. Jumapili alipoona wanaume wazima wakiwaingiza kondoo baharini na kuwasugua kwa sabuni, alisahau kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa. Aliniuliza kama baadaye hupakwa mafuta pia. Nikamwambia wengine ndiyo. Nilimpenda tangu hapo, maana mimi Yassine Mbengue nimezaliwa ufukoni hapa na nilikuwa nimesahau kwamba sisi ni vichekesho.

Lakini yeye mwenyewe hakucheka. Alifiwa na mkewe, Tening, baada ya mavuno, na mwanawe Latyr, fundi umeme wa mtaani kwetu, akamleta mjini asibaki peke yake na kuta. Latyr ni kijana mzuri, ila ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Kabla baba yake hajafika alipita nyumba kwa nyumba akituomba: mzee ana msiba, tafadhali, mheshimuni. Utani msimfanyie.

Ombi hilo lilimwangukia vibaya jirani yangu Hamady Sall. Hamady ni Mfulani wa kule bonde la mto, kaskazini, Mzee Diegane ni Mserer, na Mfulani na Mserer ni watani tangu enzi na enzi. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, humwibia chakula sahanini, humtukania ukoo mzima, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Sasa Mserer mzima kahamia nyumba ya tatu kutoka kwake, mfupi, ana masikio makubwa, kofia yake inapeperushwa na upepo kila siku, na Hamady haruhusiwi kusema neno. Asubuhi alikuwa akipita mbele ya benchi langu, anainamisha kichwa na kusema, “Shikamoo mzee wangu, umeamkaje,” kisha anaondoka mbio akiuma midomo. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Shikamoo mzee, pole mzee, keti hapa mzee.

Na kadiri tulivyomheshimu, ndivyo mzee alivyozidi kunyong'onyea. Maswali yakapungua. Akaanza kunywa kahawa yake kimya, naye akiipa bahari mgongo.

Siku moja akamwambia mwanawe anarudi kijijini. Sababu? Eti bahari ina kelele usiku. Latyr alikuja kwangu macho mekundu. Kule kijijini hakuna hata mtu wa kumpikia mzee, alisema, na mzee mwenye huzuni akilala njaa hadumu muda mrefu. Ameshamhamishia chumba cha nyuma, mkewe amebadilisha mapishi, wamemnunulia redio. Afanye nini tena? Nilimwonea huruma, nikammiminia kahawa.

Safari ikapangwa Jumapili. Siku hiyo mzee alikuja kuniaga, mkoba umefungwa kwa kamba, akakaa kumngoja Latyr aje na teksi ya kumpeleka stendi. Mbele yetu Hamady alikuwa analiosha dume lake la kondoo, mnyama mkubwa mweupe anayelishwa vizuri kuliko mimi. Povu likamwingia mnyama machoni. Dume likaruka, likampiga Hamady kifuani, na jirani yangu akaenda chini miguu juu, kanzu ikamfunika uso. Kisha likakata mbio kuelekea kwetu. Mzee Diegane akainuka bila haraka, akalishika pembe lilipokuwa likipita, akalirudisha majini.

Hamady akajitokeza na mchanga kwenye ndevu. Nilimwona anavyohangaika. Akameza mate, akainamisha kichwa.

“Asante sana, mzee wangu. Mungu akulipe.”

Hapo mzee Diegane akakasirika. Sijawahi kumwona hivyo.

“Wewe si Sall? Mfulani anabwagwa na kondoo wake mwenyewe, Mserer anamshikia, na kitu unachojua kusema ni asante? Nimekukosea nini? Tangu nije hapa hakuna aliyenitukana hata mara moja. Nilidhani mji huu mtu ni mgeni mpaka afe.”

Hamady akanitazama. Nikamwambia, “Mimi sijaona kitu. Fungua mdomo wako.”

Basi akaufungua. Akamwita mtumwa mtoro. Akamuuliza nani kampa ruhusa ya kuja kuitazama bahari ya mabwana zake, na kama yale masikio ni tanga, maana kofia hainusuriki. Alisema maneno mengine siwezi kuyaandika. Watu waliacha kondoo zao wakasogea. Mzee alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anatabasamu, anajibu moja kwa moja, na kila jibu lilikuwa baya kuliko tusi. Kisha Hamady akashusha sauti.

“Na habari za Tening tumezisikia. Mwanamke kaishi na Mserer maisha yake yote, kapika, kavumilia mikoromo. Amechoka. Amekwenda kupumzika. Mimi ningekufa mwaka wa kwanza.”

Mzee alicheka mpaka akakaa majini na nguo zake zote, na kicheko kikageuka kilio, kilio cha mtu aliyekibana tangu mavuno. Hamady naye akakaa hapohapo majini, akamshika mkono. Nililia na mimi, na nilikuwa na furaha, sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Latyr akatufikia anahema. “Mzee Hamady, mimi si nilikuomba?”

Baba yake akageuka polepole. “Kumbe ni wewe.”

“Baba, nilitaka wakuheshimu tu.”

“Aliyekufa ni mama yako, Latyr. Mimi umenizika mzima kwa hiyo heshima yako.”

Kijana wa watu alisimama, maji yakimlowesha viatu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama amwambie mwenye teksi aendelee kungoja.

Dume lilikuwa limeanza tena ukaidi, na Hamady alikuwa ameshainuka kupambana nalo.

“Njoo ushike pembe, mtumwa wewe,” alifoka Hamady.

“Sema tena,” alisema Mzee Diegane, na tayari alikuwa anakunja mikono ya kanzu.