Mililita Tano za Mwalimu Jagi

Hakuna darasa la shule ya msingi lililowahi kunishinda. Ni kweli madarasa yenyewe yalikuwa saba, na la tano nililipenda hadi nikalirudia.

Kwa hiyo saa mbili na robo asubuhi, nikiwa nimemsindikiza mjukuu wangu, naketi dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu, kumtazama mwalimu wa darasa la nne akiwafundisha watoto kupima maji. Watoto sitini na wanane, jagi moja, na bomba la sindano lisilo na sindano. Anayefikiwa na zamu anavuta maji hadi mstari wa tano, anayamwaga kiganjani, anayatazama.

"Ndiyo haya tu, mwalimu?" anauliza mmoja.

"Ndiyo hayo tu, mwanangu. Yatazame vizuri."

Watoto wamembatiza Mwalimu Jagi. Ofisini wenzake nao hawamwachi: "Shoga, unafundisha au umefungua kisima?"

"Leta ndoo," anawajibu. "Foleni iko darasa la nne."

Ana miaka ishirini na sita kazini. Muhtasari wa hesabu wa darasa hilo una mada kumi na nne, na kila mada ina kisanduku chake kwenye kitabu cha kumbukumbu: ukishafundisha unatia tiki, unaweka sahihi. Kufikia leo alitakiwa awe mada ya kumi na moja. Yuko ya saba, wiki ya tatu hii. Na leo mkaguzi amefika. Mwalimu mkuu alishamwonya: akikutwa nyuma, darasa atapewa mwingine, yeye ahamie stoo ya vitabu.

"Bibi, kila mwaka tunagombana tufundishe kwa lugha gani," ananiambia, akipangusa chaki mikononi. "Sawa, tugombane. Lakini yule binti alisoma lebo bila kukwama."

Yule binti alikuwa mwanafunzi wake miaka mitatu iliyopita, kifungua mimba wa mama anayefua nguo za watu. Mdogo wake wa miezi minane alishikwa na homa. Mama akaacha dawa na maagizo, akaenda kazini. Kijiko kidogo kilichokuja na chupa kilikuwa kimepotea. Lebo ilisema mililita tano, mara tatu kwa siku. Binti akasoma, akaelewa kila neno, akachukua kijiko kikubwa cha mezani, akahesabu vitano. Asubuhi, mchana, hadi chupa ikaisha.

Siku ya nne mtoto alipelekwa hospitali. Mama alirudi amebeba nguo za mtoto tu.

"Mtihani wa vipimo alipata tisa kwa kumi," anasema mwalimu. "Lita moja ina mililita ngapi? Elfu moja. Kaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Mililita yenyewe hajawahi kuiona kwa macho yake."

Binti hakurudi shule. Mwalimu alikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza alikaa na mama mtu, wakalia. Mara ya pili binti alimfuata hadi mlangoni, akamwuliza: "Mwalimu, nilikosea wapi?" Mwalimu alishika njia.

Anachokiomba sasa ni kidogo. "Wamebaki kumi na tisa hawajashika bomba. Wakishika wote, hiyo stoo nitakwenda mwenyewe, nikapige chafya na vitabu."

Saa sita anaitwa ofisini, ananiomba nimsindikize. Mkaguzi ni mama mpole, mbele yake rundo la vitabu vya kumbukumbu.

"Mwalimu mwenzangu, mada moja wiki tatu? Wengine wanaimaliza kwa kipindi kimoja."

"Najua, mama. Ndiyo maana mimi simalizi." Anamsimulia habari ya binti, tangu lebo hadi mlangoni. Mkaguzi anaweka kalamu chini.

"Pole sana. Na mwaka ule, mada hii aliifundisha nani?"

"Mwenzangu mmoja," anajibu upesi. "Alishahama. Mimi wiki hiyo nilikuwa mgonjwa."

Mkaguzi anachomoa kitabu cha chini kabisa, cha mwaka ule, anafungua, anakigeuza kimwelekee mwalimu, anaweka kidole kwenye kisanduku cha saba. Tiki nyekundu. Kando yake jina la mwalimu, tarehe, na sahihi.

Mwalimu anaitazama sahihi yake.

"Nilichora chupa ubaoni," anasema. "Kipindi kilikuwa kimebaki dakika nane."