Nne Iliyogoma Kusogea

Karakana yetu ilikuwa Sinza, nyuma ya gesti, chumba kimoja chenye meza mbili na feni. Tulikuwa wawili: mimi, niliyekuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na mwenye karakana, mtu wa Songea niliyemwita braza ingawa kwa umri angetosha kuwa mjomba wangu. Tulitengeneza vifaa vya kuangalia joto la majokofu ya chanjo. Kila kimoja kilikuwa na kompyuta ndogo, skrini, na kihisi kilichokaa ndani ya jokofu.

Braza alikuwa na sheria moja. Kabla hujabadili mpangilio wowote, soma uliokuwepo, uandike kwenye daftari lake gumu jeusi pamoja na sababu, badili, kisha soma tena kuhakikisha kifaa kimekubali ulichokiandika.

"Hii ni dini?" nilimuuliza.

"Msomi, we andika tu."

Nilikuwa siamini jambo kwa sababu tu nimelikuta. Ndani ya draiva, ile programu inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kihisi, kulikuwa na mstari uliopanga kasi ya data kwenye waya. Braza aliiweka mapigo laki moja kwa sekunde. Karatasi ya watengenezaji ilisema kihisi kinamudu laki nne. Hakuna mteja aliyelalamika. Aliyeudhika ni mimi.

"Kwa nini laki moja?"

"Nilipima."

"Ulipima nini?"

"Ipo kwenye daftari," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Sikulisoma. Nilifungua ukurasa wa zahanati moja ya Pugu, ambako braza alikuwa amefunga kifaa chetu, nikaandika chini ya mwandiko wake: laki nne, mtengenezaji anaruhusu. Kisha nikajaribu mezani siku mbili, kwa waya wa shubiri moja. Halikutokea kosa hata moja. Nikaenda Pugu.

Muuguzi wa pale alikuwa mama wa makamo aliyesimamia chanjo peke yake. Ndani ya jokofu alikuwa na kipimajoto cha kioo, na mlangoni alibandika karatasi aliyoijaza asubuhi na jioni.

"Shikamoo mama. Bado unaandika kwa mkono?"

"Marahaba. Wewe umekuja kurekebisha chako, rekebisha."

Baada ya kubadili kasi, skrini ikaanza kuonyesha vistari badala ya namba, mara moja moja. Kihisi kilikuwa hakijibu. Ningeweza kurudisha laki moja palepale. Badala yake niliongeza mstari kwenye draiva: usomaji ukishindikana, onyesha namba ya mwisho. Vistari vikatoweka. Skrini ikasema nne, na nyuzi nne ni joto zuri kwa chanjo. Niliondoka nimeridhika.

Siku ya tatu muuguzi alipiga simu saa tano asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili alfajiri.

"Kijana, hii mashine yako inasema nne."

"Basi iko sawa mama."

"Nimefungua mlango nikauacha wazi. Inasema nne. Nimepangusa kihisi kwa kitambaa cha moto. Nne. Kioo kinasema kumi na moja. Sasa kati yenu nani muongo?"

Aliendelea kwa sauti ileile: akina mama walikuwa kwenye benchi na watoto, na yeye hangemchoma mtoto chanjo asiyoijua imekaaje.

Nililivuta daftari. Mstari wa braza ulikuwa mfupi: laki moja, waya mita sita, umepita pembeni ya inveta. Nilikuwa nimeandika chini yake bila kuusoma. Inveta iliwasha taa na kompyuta yetu umeme ulipokatika, lakini si jokofu. Ilipoanza kuvuma, mawimbi yake ya umeme yaliingia kwenye ule waya mrefu, data ya kasi yangu haikufika kabisa, na draiva ikarudia nne ya alfajiri. Kifaa kilipofuka saa ambayo kilihitajika.

Braza alisoma mistari yote miwili.

"Kasi tungeisamehe," alisema. "Kwa nini uliziba vistari?"

Nilisema vilikuwa vinasumbua.

"Vilikuwa vinakwambia."

Nilipofika Pugu benchi lilikuwa tupu. Muuguzi alikuwa amewaambia warudi wiki ijayo, na mmoja, alisema, alikuwa ametoka Kisarawe kwa miguu. Chupa zote alizitenga kwenye boksi la barafu, akaandika juu yake zisitumike mpaka msimamizi wake azikague. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nitakaa sana, maana alitaka kufagia.

Nikasoma kasi: laki nne. Nikaiandika. Nikarudisha laki moja, nikasoma tena: laki moja. Nikaufuta mstari wangu wa kurudia namba ya mwisho, na juu ya ule wa kasi nikaandika ndani ya draiva kwamba waya ni mita sita na inveta iko jirani. Inveta ilikuwa bado inavuma.

"Naomba ufungue mlango, mama."

Akaufungua. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na tano. Akaufunga, na baada ya muda namba ikaanza kushuka kwa ubaridi uliosalia ndani.

"Umeona? Sasa inasogea."

"Nimeona," alisema. Akainama, akasoma kipimajoto cha kioo, akaandika kwenye karatasi yake.