Picha ya Mlima wa Theluji

Juzi, kwenye ofisi moja ya wakimbizi hapa Kigoma, nilimsikia afisa akimnadia mama mmoja kutoka Kongo mji wa Ulaya uliokubali kumpokea. Alimwonyesha picha ya mlima uliofunikwa theluji, watu wakiteleza juu ya mbao ndefu.

"Wanapanda, wanateleza hadi chini, wanapanda tena. Starehe tupu, mama."

"Hakuna mwenye kuwafukuza?"

"Hakuna."

Mama aliweka kidole juu ya mtoto aliyekuwa akiteleza peke yake. "Na huyu, mama yake iko wapi?"

"Yuko chini, anamsubiri."

"Wangu alipotea tukishuka mlima kukimbia vita. Nilimsubiri chini mpaka mtumbwi wa mwisho. Sasa kila boti ikifika hapa naenda kutazama. Nikienda kwenye theluji, nani atatazama?"

Afisa alikohoa. "Nafasi inafungwa leo saa tisa, mama. Ni ndiyo au hapana?"

Mama aliacha kidole pale pale juu ya mtoto. Saa tisa afisa aliivuta picha taratibu kutoka chini ya kidole chake, akafunga dirisha. Ofisi zetu huchelewa kufungua. Kufunga, hazijachelewa hata siku moja.