Aliyesoma Gizani

Léocadie hakuwa mtu wa kubembeleza. Alifika Bujumbura akikimbia vita vya Bukavu, akatukuta na sisi tunapigana, akasema basi, hana pengine pa kwenda. Kwao alikuwa amesomea kazi ya kupima watu wenye disleksia, wale ambao akili zao ni nzima ila herufi zinawagomea. Chuo kikampa meza katika ofisi yangu. Waprofesa walimcheka chinichini: huo si ugonjwa wa Wazungu? Nilikuwa nawachukia kwa neno hilo.

Baadaye makanisa fulani ya ng'ambo yakatoa fedha kidogo. Mwanafunzi atakayethibitishwa na kamati kuwa na shida hiyo angelipiwa mtu wa kumsomea vitabu, na mitihani angeifanya kwa mdomo. Léocadie alikuwa na mtu wake tayari: Bonfils, mwanafunzi wa kilimo. Ukimuuliza habari za kahawa au udongo, anakujibu mpaka unachoka wewe. Mpe karatasi, jasho linamtoka. Alikuwa amefeli mitihani yote ya kuandika na alikuwa mbioni kufukuzwa.

Kufukuzwa siku zile hakukuwa mchezo. Nyumba ya kina Bonfils mtaani Carama ilikuwa imechomwa, wazazi wake wako kambini, na kijana wa rika lake akikutwa barabarani bila kadi ya chuo, kila upande unamhesabu kuwa adui. Kitanda cha bwenini ndicho kilichokuwa kinamweka hai. Léocadie alimwambia tu, "Utakuja kupimwa," akarudi kwenye kazi zake.

Siku ya kumpima, sisi wa kamati tulikaa katika chumba ambacho madirisha yake yalizibwa kwa mbao tangu risasi zipasue vioo. Tulikuwa na taa moja. Milio ilisikika kutoka vilimani, nasi tukajifanya hatuisikii. Profesa Anselme, mwenyekiti wa kamati, akampa Bonfils ukurasa kuhusu magonjwa ya mihogo, asome kwa sauti.

Akasoma. Tena alisoma vizuri kuliko mimi! Hakukwama, hakurudia neno. Anselme akamtazama Léocadie kwa tabasamu la dharau.

Mara kishindo, karibu kabisa, na umeme ukakatika. Giza totoro. Wote tukajitupa chini ya meza. Na mule gizani sauti ya Bonfils ikaendelea na mihogo yake, bila kusita, mpaka mwisho wa aya.

Hakuna aliyecheka. Mlinzi alipoleta kandili, Anselme alikuwa amevimba kwa hasira.

"Ameiba mtihani," alisema. "Afukuzwe leo hii."

Bonfils hakujua kudanganya, akatueleza yote. Mwenzake wa bwenini, Salvator, aliupata ukurasa ule kwa mpiga chapa, akamsomea tena na tena mpaka ukamkaa kichwani. Kwetu hapa humwachi rafiki yako aaibike mbele ya wakubwa. Na kuhusu mtihani, tangu shule ya msingi tumefundishwa jambo moja tu: upite. Vijana wale wangejuaje kwamba huu ulikuwa wa namna nyingine?

"Profesa," Léocadie alisema, "mwizi gani anaiba juu akose musaada? Angesoma mubaya tungemupa musaada. Huyu ameiba juu ya kuona haya tu."

Akachomoa gazeti la siku ile kwenye mkoba wa Anselme mwenyewe, akaliweka mbele ya Bonfils na kumwonyesha habari moja.

"Mama, apana," Bonfils alinong'ona. "Si hapa mbele ya watu."

"Soma."

Akalishika neno la kwanza kwa kidole. Akatamka nusu, akarudi nyuma, akatamka jingine ambalo halikuwepo. Jasho likadondoka kwenye gazeti. Salvator, aliyekuwa mlangoni, akageuza uso. Nilitamani kumnasa Léocadie kofi, kwa jinsi alivyokaa tu bila kumsaidia.

"Inatosha," Anselme alisema.

"Apana. Amalize."

Akamaliza, na Anselme akatia sahihi karatasi ya kumthibitisha, bila kumtazama mtu.

Nje ukumbini Salvator alimrukia Léocadie kwa maneno. "Mama, umemuvua nguo mbele ya wakubwa!"

Bonfils akaja, bado ana lile gazeti.

"Mama, nimeisoma yote," alisema. "Lakini sijui inasema nini."

Ilikuwa habari ya sukari kuadimika. Léocadie akamsomea palepale, machozi yanamtoka wala hayafuti. Alipofika mwisho, Bonfils akairudia habari nzima kwa kichwa, na hakukosa neno. Anselme alikuwa amesimama nyuma yetu na mkoba wake, akisikiliza.