Diploma Niliyoitia Plastiki

Jumanne, tarehe 11 mwezi wa tatu. Mvua ilianza saa moja ya asubuhi, ikatulia kidogo, ikarudi na upepo wa kutoka ziwani, na njia yetu ya Nyalukemba, hapa Bukavu, ikawa matope matupu.

Ndivyo nilivyoandika katika daftari siku ile, na chini yake mstari mmoja tu: "Nimetengeneza dosie ya papa wa batoto. Imetoka muzuri." Papa wa batoto ni bwana yangu, ndivyo ninavyomwita, na dosie ni makaratasi yake. Leo nikisoma mstari ule nasikia haya, lakini siufuti. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa sekondari, sijui kuandika kama watu wa vitabu, na naogopa nikianza kufuta ya aibu nitabaki na yale yanayonisifu tu.

Bwana yangu alizaliwa Burundi, akasomea ujenzi Algeria, akarudi na diploma ya injeniere. Hapa Kongo aliingia kwa kazi ya barabara ya kwenda Luhwindja, kule kwenye zahabu, na kabla barabara haijaisha tulikuwa tumeshaoana. Hakurudi tena kwao. Ana kibali cha kukaa, ana watoto watatu wanaosema Mashi, lugha ya huku, kuliko yeye. Kitu kimoja alikosa: jina lake katika orodha ya mainjeniere wanaoruhusiwa kutia sahihi kwenye plani. Bila jina hilo, chora nyumba, chora daraja, karatasi yako haifiki popote. Lazima injeniere mwenye namba aweke sahihi na muhuri wake, ule tunaouita kashe.

Kwa miaka saba kashe hiyo ilikuwa ya muzee mmoja, injeniere wa zamani, mtu wa kofia ya sufu na kikohozi kisichopona. Bwana yangu alipiga hesabu, alichora, alisimama ndani ya matope na mabuti. Muzee alikuja mara moja moja, akaangalia, akauliza, akatia sahihi. Kwenye kibao cha kazi liliandikwa jina la muzee peke yake. Jambo hilo liliniuma mimi kuliko lilivyomuuma mwenyewe. Katika kikundi chetu cha wamama wa parokia nilisema, tena si mara moja: "Ule muzee anakula jasho ya bwana yangu." Wamama waliitikia, na mimi nikaona utamu wa kuitikiwa.

Sasa, mwanzo wa mwezi ule wa tatu, tulisikia kwamba komisio inayochunguza diploma za ng'ambo na kutia majina kwenye orodha ile itakaa Bukavu. Haikai mara nyingi. Na paroko wetu alikuwa anataka ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya shule, maana kilima kilikuwa kimeanza kuteremka upande wa darasa la kwanza. Alimwambia bwana yangu waziwazi: "Nataka yule anayechora awe ndiye anayejibu. Kama ukuta unaanguka, nijue nagonga mulango ya nani." Alikubali kungoja komisio, si zaidi. Jina lisipotoka, kazi angempa mwingine. Simlaumu. Watoto wa darasa la kwanza hawawezi kungoja makaratasi.

Bwana yangu alikuwa Luhwindja. Alinipigia simu, sauti inakatika: "Chukua ile farde ya kijani chini ya matela. Fanya fotokopi tatu ya kila kitu. Angalia mvua isiiharibu." Simu ikafa.

Maneno hayo ya mvua ndiyo niliyoyashika. Paa letu linavuja upande wa kitanda, pale kwenye matela, na nilipofungua farde ile ya makaratasi niliona kona ya diploma ina doa la maji, rangi ya chai. Niliogopa sana. Na kwetu, kitu chochote cha maana tunakitia plastiki ya moto: kadi ya uchaguzi, cheti cha batizo, picha ya ndoa. Mama yangu ana risiti ya radio aliyoiplastifia, na radio yenyewe ilikufa zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba karatasi inaweza kuharibika kwa kulindwa.

Nilipanda mpaka mtaa wa Kadutu na farde ndani ya kitenge, nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa. Karibu na soko kuna baba mmoja mwenye mashini ya fotokopi na jenereta chini ya turubai la shitingi. Alifanya fotokopi, kisha nikamwonyesha diploma.

"Hii nayo uiplastifie."

"Maman, iko original?"

"Njo yenyewe."

"Tuplastifie fotokopi. Original uiache vile iko. Batu ba biro ya serikali habapendake."

"Papa, unaogopa mashini yako?"

"Mashini haina neno. Naogopa biro."

"Miye njo najua mvua ya nyumba yangu. Fanya tu."

"Plastiki ikishaingia haitokake, maman."

"Ndiyo naitafuta hiyo."

Akacheka, akafanya. Ilitoka ina joto na inang'aa. Nilijiona mwanamke mwenye akili. Bwana yangu aliporudi Jumamosi aliigeuza mbele na nyuma, akasema: "Sasa hata ikianguka mu ziwa itaelea." Sijui kama alikuwa tayari na wasiwasi. Nimemwuliza baadaye, anasema hakumbuki.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwenye biro ya komisio, kwa sababu walitaka pia cheti cha ndoa. Alitupokea mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni. Aliangalia kila karatasi bila haraka. Alipofika kwenye diploma alipitisha kidole kwenye kona ya chini, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Nani alifanya hii?"

Bwana yangu alisogea aangalie kona ile.

"Hapa kunapashwa kuwa muhuri ya kavu, ile haina wino, unaisikia na kidole tu. Miye sisikie kitu. Na kashe yetu tunapigaka nyuma. Nitaipiga juu ya plastiki? Itafutika mbele mufike ku mulango."

"Maman," akasema bwana yangu, "namba iko, sahihi ya rekta, mukubwa wa shule, iko."

"Papa, bale banafojika diploma nabo banaletaka ya kung'aa hivi. Sisemi uko muongo. Nasema sina namna ya kujua."

"Ni miye," nikasema. "Yeye alikuwa Luhwindja. Ni miye niliipeleka."

Machozi yalinitoka pale pale, na niliona aibu kulia mbele ya mtu aliyekuwa anafanya kazi yake. Nilimchukia kwa muda wa kama nusu saa. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na hakutufukuza. Alitupa kiti, akatueleza. Njia ya kwanza, shule ya Algeria iandike barua ya kuthibitisha. Njia ya pili, kama barua inachelewa, injeniere mwenye namba anayejua kazi zake aje mbele ya komisio, alete plani, aonyeshe ukuta au nyumba inayosimama. "Na wewe, maman, andika vile ilipita. Na mukono yako."

Kwenye ngazi za kutokea bwana yangu aliniuliza: "Ulilipia mbele na nyuma?"

"Yote mbili."

"Basi hawakukuibia."

Tangu tuoane nimemwona akigombana na mafundi, na madereva, hata na kuku wa jirani. Siku ile angekuwa na haki, na hakuitumia.

Shule ya Algeria iliandikiwa siku hiyo hiyo. Haikujibu. Jirani alisema tupitishe pasi ya moto plastiki ilegee, bwana yangu akakataa, wino ungebaki kwenye plastiki. Ikabaki njia ya pili, na mwenye namba aliyejua kazi zake alikuwa mmoja tu.

"Hatakuja," nikamwambia. "Atakuja kusema nini? Aseme plani zake haziko zake?"

"Twende tumuulize."

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Muzee alitusikiliza akikohoa, akachukua diploma, akaisogeza kwenye dirisha.

"Nani alikufungia hii kama mukate?"

"Ni bibi yangu, huyu."

Akanitazama. Nilingoja matusi.

"Maman, ungekuwa kwangu zamani! Yangu, panya zilikula. Zilibakisha jina ya rekta na kipande ya tarehe. Nilizunguka na ile kipande miaka mbili." Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, mimi ndiye niliyemletea maji. Alipotulia alisema, bila kutuangalia: "Nitakuja. Ilipashwa nije zamani. Niliogopa kubakia na kashe bila kazi."

Hayo ndiyo maneno kama ninavyoyakumbuka. Njiani kurudi nilikuwa nafikiri yale niliyokuwa nimeyasema kule parokia.

Kuandika maelezo yangu kulichukua siku mbili. Nilianza kwa Kifaransa, mistari mitatu, nikachana. Nikaanza kwa Kiswahili, ikaenda. Niliandika mvua, paa, doa, Kadutu. Nikaandika: "Papa wa mashini aliiplastifia." Nikaweka nukta. Ilionekana vizuri hivyo. Nani angemtafuta yule baba kumwuliza? Lakini kila nilipoisoma niliona imesimama kama kosa ni lake. Nikaongeza chini: "Alinikataza. Mimi nilimforsa kwa nguvu." Bwana yangu alisoma, akasema tu: "Iko sawa."

Siku ya komisio walikaa wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mama wa miwani, karani wao, alisoma maelezo yangu kwa sauti. Alipofika kwenye "nilimforsa" mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mkubwa wao akaniuliza: "Maman, juu ya nini hukuandika mu Kifaransa?"

"Kifaransa yangu haina maneno ya kutosha, papa. Nilichunga isiseme uongo."

"Swahili nayo iko luga ya inchi. Tunaipokea."

Sijawahi kusikia kitu nilichoandika kikisomwa mbele ya watu. Na, lazima niseme, nilifurahi.

Kisha muzee akasimama. Alifungua plani moja moja mezani.

"Kashe hii iko yangu. Sahihi iko yangu. Hesabu iko yake. Niliziangalia zote. Mara mbili tu niliona kitu ya kurekebisha, na moja kati ya hizo, miye njo nilikosa."

"Muzee," akasema yule mwanamke, "unajua unasema nini? Unasema ulitia sahihi kazi ya mwingine."

"Nilitia sahihi kazi niliangalia. Lakini jina yake ilipashwa kuwa ku kibao, pembeni ya yangu. Hiyo iko kosa yangu. Muiandike."

Na wakaiandika. Niliona kalamu ikienda.

Baadaye yule mwanamke na mmoja wa wanaume walitaka kuona ukuta wenyewe. Tulipanda kwa miguu mpaka Kadutu, kwenye ukuta alioujenga bwana yangu miaka minne kabla, chini ya njia ya kwenda sokoni. Mama mmoja anayeuza nyanya pale chini akapiga kelele: "Munakuja kuvunja?"

"Hapana, maman, tunaangalia tu."

"Basi muangalie mukienda mbele, munafunga njia ya bakliya ba kununua nyanya!"

Mwanamke wa komisio aliinama kwenye tundu moja chini ya ukuta, maji yalikuwa yanatoka, membamba, safi. Akamwuliza bwana yangu kwa nini aliweka matundu mengi hivyo. Naye akaeleza jinsi maji yanavyokaa nyuma ya ukuta na kuusukuma, na mawe aliyoyapanga ndani ili udongo usizibe matundu. Alieleza muda mrefu. Mimi sikuelewa yote. Nilichokiona ni kwamba muzee, ambaye angeweza kumjibia, alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni, anamwacha aeleze.

Alhamisi kikundi cha wamama kilikutana. Niliomba kusema. Nikawaambia kwamba yale ya jasho niliyasema bila kumjua mtu, na kwamba yule muzee amesimama mbele ya wakubwa akataja kosa lake mwenyewe ili bwana yangu apite. Sikumfanya malaika. Miaka saba ni miaka saba, na mwenyewe alikiri. Lakini mimi nilikuwa nimesema upande mmoja tu.

Kisha mama anayekaa karibu na mulango, mwenye kuchoma kwa maneno, akasema: "Maman, original ungeacha. Ungeplastifia kinywa!"

Walicheka wote, na mimi nikacheka, na mwisho tukamwombea muzee apone kikohozi.

Ijumaa mama wa miwani alipiga simu mwenyewe, hakutuma mtu. Jina la bwana yangu limeingia kwenye orodha, kwa namba ya muda, mpaka barua ya Algeria ifike. Na barua, niseme ukweli wote, ilifika wiki mbili baadaye, na maneno ya upole, wakiomba radhi kwa kuchelewa. Kumbe na kule kuna watu waliotafuta jina lake katika vitabu vyao na kulipata. Siwajui. Nawashukuru nao.

Ijumaa ile bwana yangu alipokata simu alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akavivaa tena. "Naenda kwa paroko," akasema. "Mbele giza haijaingia nipime kilima." Akatoka na mita yake, na muzee akamkuta njiani, wakapanda pamoja. Walirudi wote wawili na matope mpaka magotini, wanabishana juu ya urefu wa msingi, muzee anataka zaidi, bwana yangu anataka zaidi ya hapo.

Tulikula bugali ya muhogo, samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga na nyanya, na mboga ya lengalenga kidogo. Muzee aliomba pilipili, watoto wakamletea yote.