Maneno ya Mgeni

Bi Pindo, fundi wa kupunguza suruali ndefu, hakumwamini mtu yeyote mwenye karatasi. Mtafiti wa lugha alipoingia kibandani na shikamoo yake, alimpima kwa macho kama apimavyo kitambaa anachohisi kitachuja rangi.

"Mama, kuna tawi dogo la lugha, binamu za Kibantu," mtafiti alieleza. "Zinajulikana tatu tu. Nataka kujua kama yenu ni ya nne, au ni lahaja ya majirani zenu."

"Na ukishajua?"

"Nitaandika kitabuni."

Dalili ya mvua ni mawingu. Huyu katumwa na majirani, Bi Pindo aliwaza, wale wanaodai miaka yote kwamba sisi ni watu wao. Waliobaki wakiijua lugha hiyo walikuwa wawili: yeye na dada yake mkubwa, aliyekuwa akifumua mishono karibu na dirisha. Na tangu utotoni walikanywa kwamba maneno ya nyumbani hapewi mgeni. Mgeni anapewa ya jirani.

Mtafiti akauliza jicho, maji, moto, mama. Bi Pindo akayajibu yote kwa maneno ya jirani, macho makavu. Dada alipofungua kinywa, alikanyagwa mguu chini ya cherehani.

"Kila neno lazima lithibitishwe na wawili," mtafiti alisema. "Bibi, ndivyo?"

"Ndivyo," dada alijibu shingo upande.

Mgeni alipoondoka, dada akalipuka. "Umetuuza!"

"Nimetuficha," Bi Pindo alisema.

Miezi tisa baadaye mtafiti alirudi, akaketi karibu na dirisha, akafunua kitabu. Mti wa lugha uliochorwa humo una matawi matatu tu. Lugha yao imewekwa chini ya jina la majirani, kwa herufi ndogo: lahaja.

Bi Pindo aliona maneno yaleyale aliyompa, bila kuongezwa hata moja. Kumbe kijana wa watu hakutumwa na yeyote! Majuto ni mjukuu, na huyu alizaliwa palepale.

"Mwanangu, nilikudanganya."

Akammwagia maneno ya nyumbani, jicho, maji, moto, mama. Mtafiti aliandika mpaka jasho likamtoka.

"Hii ni lugha nyingine kabisa! Nitaomba kitabu kisahihishwe. Mwite bibi athibitishe."

"Umekalia kiti chake," alisema Bi Pindo. "Tumemzika mwezi uliopita."